Tamiya Extra Thin Cement: gundi ya kununua kwanza kama unarudi kwenye modeli ukubwani

Nianze na jibu kabisa kwa wasiopenda maneno mengi. Kama uliwahi kufunga modeli za plastiki utotoni, yaani zile ndege na magari madogo ya kuunganisha vipande kwa vipande, ukaacha miaka thelathini au arobaini, na sa hivi watoto wameshakua unataka kurudi, hela yako ya kwanza usiipeleke kwenye boksi kubwa la ndege wala kwenye seti ya rangi ishirini. Ipeleke kwenye gundi. Nazungumzia Tamiya Extra Thin Cement, kile kichupa cha kioo cha mililita 40 chenye kifuniko cha kijani na brashi yake humohumo ndani ya kifuniko, namba ya bidhaa ni 87038, na ukiagiza itaje hiyo namba maana zipo nyingine za kampuni hiyohiyo zinafanana nayo. Mimi niko Arusha, nimefungia Land Rover nzima kuanzia chesesi mpaka bodi, chupa bado ina zaidi ya nusu.

Najua kuna mtu atauliza, hivi gundi tu ndo ya kuandikiwa yote haya? Ndiyo, gundi. Boksi lolote zuri utakalonunua, liwe la Airfix, la Revell, la Tamiya wenyewe, litakupa vipande vizuri sana, siku hizi vinakaa pamoja vizuri kuliko vya zamani, lakini kinachoamua kama utamaliza au utalirudisha kabatini ni kile kinachotokea pale kipande kinapokutana na kipande. Na hapo ndipo mambo yamebadilika kabisa tangu enzi zetu.

Tuliokulia Moshi mwanzoni mwa miaka ya themanini tunakumbuka hali ilivyokuwa, sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni, sembuse modeli ya ndege. Zilizotufikia zilitufikia kwa bahati tu. Kwetu zilitoka kwa daktari mmoja wa kizungu aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya KCMC, akienda likizo kwao anarudi na maboksi ya Airfix kwa ajili ya wanawe, na moja linaangukia kwetu majirani. Gundi ya wakati ule ilikuwa ya tyubu, nzito, unaminya kidogo inatoka nyingi, inavutika nyuzi nyuzi, uzi mmoja unadondokea kwenye kioo cha rubani na kioo hicho ndo basi tena. Na ilikuwa lazima uipake kwanza ndo uunganishe, yaani ukishaipaka saa inahesabu, unakimbizana nayo, kipande kikikaa upande kimeshakaa upande. Mtoto wa miaka kumi na moja macho yake makali na vidole vyake vyembamba aliweza kukimbizana nayo. Mtu wa miaka hamsini na kitu mwenye miwani ya kusomea hakimbizani na kitu.

Hii Extra Thin imegeuza utaratibu mzima. Kwanza unaunganisha vipande vikavu, unavibana, unaviangalia pande zote kwa raha zako, unapiga chai, unarudi, ukiridhika ndo unachovya brashi na kuigusisha tu kwenye mshono. Kugusisha, sio kupaka. Gundi ni nyepesi karibu sawa na maji, ikigusa ule ufa mwembamba kati ya vipande viwili inakimbia yenyewe kuufuata ufa wote, kama chai inavyopanda ndani ya andazi ulilochovya ncha tu. Mara ya kwanza kuiona nilikuwa nimeshika nusu mbili za tangi la mafuta, nimegusa kona moja, nikaona ule mng'ao wa unyevu unatembea kwenye mshono mpaka kona ya pili, ukakata kona, ukaendelea. Nikaita watu wa nyumbani waje waone.

Kwa nini hilo ni kubwa kwa sisi wa umri huu? Kwa sababu huhitaji kulenga. Jicho halioni vizuri kipini cha milimita moja, mkono una kutetemeka kidogo hasa kama umeshinda siku nzima kwenye kompyuta au shambani, lakini ukigusa popote kwenye mstari wa mshono gundi itafika panapohitajika. Yenyewe ndo inatafuta njia. Wewe kazi yako ni kuhakikisha vipande vimekaa sawa kabla, na hiyo ni kazi ya subira, na subira watu wa umri wetu tunayo nyingi kuliko tulivyokuwa watoto.

Sasa kidogo kuhusu ilivyo, maana ukiijua inavyofanya kazi utaitumia vizuri. Hii haishiki kama supagluu inavyoshika au gundi ya mbao inavyoshika, haiachi tabaka la gundi katikati. Ni mchanganyiko wa asetoni na butili aseteti, vyote viwili vinayeyusha polistairini ambayo ndo plastiki ya modeli karibu zote za maboksi haya tunayoyajua. Inayeyusha uso wa kipande hiki na uso wa kipande kile, plastiki zinachanganyikana, halafu vimiminika vinapaa hewani, inabaki plastiki tupu. Yaani umechomelea. Ndo maana kipande kilichounganishwa vizuri kwa gundi hii ukikilazimisha kitavunjika pengine kabla hakijaachia kwenye mshono.

Kutokana na hilo mambo kadhaa yanafuata yenyewe. Ikipita juu ya rangi haichomelei, inayeyusha rangi tu na kukuachia uchafu, kwa hiyo kama umeshapaka rangi kipande kabla ya kukifunga, kwangua rangi pale panapokutana. Vivyo hivyo vile vipande vya kung'aa kama kromu, bampa na taa, kwangua kwanza ule mng'ao. Chuma haishiki, tairi za mpira haishiki, vipande vya rezini haishiki. Hapo unahitaji supagluu na hiyo ipo kila duka la hadwea. Vioo navyo mimi sivigusi na Extra Thin, tone moja likikimbilia kwenye kioo limekula uso wake, na supagluu nayo ina mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu, kwa hiyo vioo nafunga na gundi nyeupe ya mbao, ile ya mafundi seremala, ikikauka inakuwa angavu na ikizidi unafuta na pamba yenye maji.

Vidole sasa. Usishike juu ya mshono unapogusisha brashi. Gundi haichagui, ikikuta ufa kati ya kidole chako na plastiki itaingia humo pia, na alama ya kidole chako itabaki kwenye madigadi milele. Shika mbali na mshono, au bana na vibanio vya nguo, vile vya mbao ni vizuri zaidi kwa sababu ukivigeuza meno yake yanakuwa membamba na yanafika kwenye kona. Tepu pia angalia, ukibana vipande kwa tepu halafu ukagusa mshono uliofunikwa na tepu, gundi itakimbia chini ya tepu na kuchora barabara yake humo.

Modeli yenyewe niliyofungia ni Land Rover Series III ya Revell, skeli ya 1/24, yaani ndogo mara ishirini na nne kuliko gari lenyewe, ile ndefu ya inchi 109 kati ya ekseli ambayo hapa kwetu hakuna asiyeipanda utotoni, kama sio ya misheni basi ya serikali, kama sio ya serikali basi ya watalii, na kama ulikaa kijijini basi ndo ilikuwa basi lenyewe. Kwenye skeli hiyo umbali kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma unakuwa kama sentimita kumi na moja na nusu. Nilichagua hii kwa makusudi. Watu wengi wanaorudi wanakimbilia Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza, kwa sababu ndo waliyoifunga utotoni, na sio vibaya, lakini nadhani mtu wa Arusha kufunga kitu ambacho amekigusa kwa mkono, amekisukuma kwenye tope la masika, anajua mlango wake unasikika vipi ukifungwa, kuna raha nyingine kabisa. Tena tangu lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hapa mjini, mji umejaa Land Rover kila kona, mimi hamu ndo ilinipanda hapo. (Na kwa taarifa, Airfix wenyewe modeli yao ya kwanza kabisa mwaka 1949 haikuwa ndege, ilikuwa trekta la Ferguson. Kwa hiyo gari la kazi lina heshima yake kwenye mambo haya.)

Chesesi ndo mtihani. Aliyewahi kufunga gari anajua, chesesi ikikaa na msokoto mdogo tu, mwisho wa safari gari linasimama kwa matairi matatu na la nne liko hewani. Na huwezi kulirekebisha tena kwa sababu kila kitu kimeshakaa juu yake. Hapa ndipo utaratibu wa kufunga kavu kwanza unapokulipa. Nilichukua kipande cha kioo cha dirisha, nilikatiwa kwa fundi vioo na kusaga kingo zake, nikakilaza mezani. Kioo ni bapa kweli kweli, meza ya mbao sio bapa hata kama unaiona ni bapa. Nikapanga chesesi yote kavu juu ya kioo, mihimili miwili mirefu, na zile za kukatiza, vibanio hapa na pale, nikaangalia kwa tochi kutoka upande wa pili kama mwanga unapita chini yake. Ukipita mwanga mahali ujue pameinuka. Nikasogeza, nikaangalia tena, nikalala. Kesho yake ndo nikapitisha brashi, kila kiungo mguso mmoja, kazi nzima haikufika dakika tano. Matairi yote manne yamekaa chini.

Kwa gundi ya tyubu jambo hilo halikuwezekana, maana ungelazimika kuinua kila kipande, kukipaka, kukirudisha, na kila ukirudisha kinakaa pengine.

Muda wa kukauka: inashika ndani ya sekunde, ndani ya dakika chache unaweza kushika kipande kwa uangalifu, ila kupiga msasa usiguse mpaka siku nzima ipite, na mimi kwa mishono ya bodi naacha hata siku mbili. Sababu ni hii, plastiki pale kwenye mshono bado ni laini kwa ndani hata kama juu unaiona kavu. Ukipiga msasa na kupaka rangi mapema, ile asetoni iliyobaki inaendelea kutoka taratibu na mshono unazama, na baada ya wiki unaona mstari umerudi chini ya rangi yako nzuri. Kuna mbinu nzuri ya kuondoa mstari kabisa: gusisha gundi, subiri sekunde kadhaa, halafu minya vipande viwili kwa nguvu kidogo mpaka plastiki iliyoyeyuka itokeze juu ya mshono kama kauzi kembamba. Kaache hako kauzi, usikafute. Siku inayofuata kakwangue na wembe, pitisha msasa wa maji namba 800 kisha 1000, mshono unapotea kana kwamba kipande kilizaliwa kimoja. Msasa huo unaupata kwenye maduka ya rangi za magari, na kwa sehemu nyembamba nenda kwenye maduka ya vifaa vya saluni, tupa za kucha za sponji ni nzuri mno, zina pande mpaka nne za ukali tofauti na zinapinda kufuata umbo.

Nikiwa hapo saluni, niseme na hili kwa sababu nimeulizwa. Ile asetoni ya kuondolea rangi ya kucha sio mbadala. Nyingi zina maji na mafuta na manukato ndani, na hata asetoni tupu inapaa haraka mno kabla haijapata muda wa kuyeyusha vizuri, unabaki na kiungo dhaifu. Butili aseteti imewekwa mle kwa sababu, yenyewe inapaa polepole na kukupa muda. Kiangazi cha Arusha chenye upepo mkavu ule wa Januari na Februari utauona umuhimu wake, maana hata hii inapaa haraka kuliko Julai kwenye baridi. Kwa hiyo kifuniko kila ukimaliza kugusa kirudishe, hata kama unarudi baada ya dakika. Kwenye joto usiiache wazi mezani.

Vipande vidogo kama vioo vya pembeni, vitasa na waipa, ile brashi ya kwenye kifuniko inabeba gundi nyingi kuliko unavyohitaji. Ifute kwenye mdomo wa chupa kwanza, au tumia brashi nyembamba ya kuchorea namba 0 uchovye kidogo tu. Na chupa itengenezee makao, mimi nimekata shimo la mraba kwenye sponji la kuogea nikaichomeka humo, hata mjukuu akigonga meza haidondoki.

Kitu kingine nilichokipenda ni matumizi yake mengine ambayo kwenye lebo hayapo. Zile fremu za plastiki zinazobaki ukishakata vipande usizitupe. Zikatekate vipande vidogo, viweke kwenye kichupa kidogo, mimina Extra Thin kidogo juu yake, acha usiku mmoja, utapata rojo ya plastiki ileile ya modeli yako. Hiyo ndo ya kuzibia mianya, ikikauka ni plastiki tupu na inapigwa msasa sawasawa na sehemu nyingine, haivunjiki wala kumeguka. Halafu chukua kipande kingine cha fremu, kipashe moto juu ya mshumaa mbali kabisa na gundi, kikilegea kivute taratibu pande mbili, unapata uzi mwembamba wa plastiki. Huo ndo mlingoti wa redio koli. Mguso mmoja wa Extra Thin kwenye kitako chake umeshachomelea.

Na ya tatu, hii ndo ilinifurahisha kuliko zote. Nina jirani, mzee mstaafu, kaendesha watalii Ngorongoro na Serengeti tangu enzi za Land Rover hizi hizi. Alipita siku moja nikiwa barazani, nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia akavuta kiti akaishika ile bodi kabla haijapakwa rangi, akaigeuza geuza muda mrefu bila kusema kitu.

"Baba Neema, utaifanya mpya au iliyotembea?"

"Iliyotembea mzee. Nataka ionekane imetoka porini."

"Basi kutu usije ukaiweka popote tu. Hii bodi ni alumini, haioti kutu. Kutu iweke kwenye chesesi, na kwenye ule ukuta wa mbele unaoshika milango, hapo kuna chuma. Madigadi yakichubuka yanaonyesha bati jeupe, basi."

Ni kweli tupu. Land Rover tangu zianze mwaka 1948 bodi zilikuwa za alumini kwa sababu baada ya vita Uingereza chuma kilikuwa cha mgao, na chesesi ikabaki ya chuma. Picha nyingi za modeli unakuta mtu kajaza kutu kwenye milango na boneti. Mzee wangu asingekubali. Basi kwa kutu ya chesesi nikatumia gundi: unapaka Extra Thin kwenye plastiki kwa wingi kidogo, ikishaanza kulainika unaidonoa donoa na brashi ngumu kuukuu, uso unakuwa na chembechembe kama chuma kilicholiwa. Unaacha ikauke siku mbili, ukipaka kahawia na kupitisha rangi ya kutu juu yake inakaa yenyewe kwenye mashimo. Nikafanya hivyo chesesi yote chini na kwenye bomba la ekzosi. Mzee aliporudi akapitisha ukucha pale chini, akatikisa kichwa, akasema "hii imepita Ngorongoro masika".

Vumbi nalo ni la hapahapa. Huna haja ya kununua unga wa vumbi wa kwenye vichupa. Nilichota vumbi barabara ya kwenda Ngaramtoni, nikalikausha juani, nikalichuja kwenye soksi ya nailoni ya mama watoto, ile ya zamani, unga uliotoka chini ni laini kama poda. Kwa wa Moshi, udongo wa huko juu Kibosho na Machame ni mwekundu zaidi, gari lako litasema limetoka wapi.

Rangi ni habari ndefu, nitagusia tu pale inapohusu gundi. Nilikwenda mtaa wa Unga Limited kwa mafundi rangi za magari, mmoja akanichanganyia kichupa kidogo cha kijani cha Land Rover kwa kukiangalia tu kipande cha gari lenyewe lililokuwa gereji, kijana mwenye jicho la ajabu. Lakini rangi za magari zina thina kali, nayo inayeyusha polistairini, kwa hiyo lazima kwanza upige praimeri, yaani rangi ya msingi, nyepesi nyepesi tabaka za vumbi vumbi, kila moja ikauke. Usiimwage. Na mishono yako iwe imekauka kabisa kabla, nimeshasema.

Macho: miwani ya kusomea ya sokoni ya +2.00 pamoja na taa nzuri inatosha kwa kazi nyingi, na taa ni muhimu kuliko miwani. Weka taa ya LED nyeupe upande wa mkono usioshika brashi, ili kivuli cha mkono kisikae juu ya kazi. Umeme ukikatika, na utakatika, acha kazi au tumia taa ya sola. Usiwashe mshumaa wala kibatari mezani chupa ikiwa hapo. Hii gundi inawaka vibaya sana, mvuke wake unaweza kushika moto kabla hata mwali haujafika kwenye chupa. Jiko la gesi mbali, sigara mbali, dirisha wazi. Harufu yake sio ya mchezo, mimi nafanyia barazani au dirishani, na mtoto asiachwe peke yake na hiyo chupa.

Hilo la kuwaka ndo linaleta ugumu wa kuipata. Ni kimiminika kinachowaka, kwa hiyo kwenye ndege hairuhusiwi, usimwambie shangazi anayekuja kutoka Uingereza akuwekee kwenye begi, atanyang'anywa uwanjani na atasumbuliwa. Duka moja la mtandaoni lilichukua hela yangu, likakaa kimya wiki kadhaa, likaja kuniandikia kwamba gundi haisafirishwi ila modeli imetumwa. Modeli bila gundi. Hela ya gundi nilirudishiwa baada ya kubishana. Kabla hujalipa uliza kwa maandishi kabisa, gundi inatumwa kwa njia gani. Yangu mwishowe ilikuja kwa barabara, ndugu yangu anayeishi Nairobi alinitumia kwa mtu aliyekuwa anakuja kwa gari kupitia Namanga, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki mara mbili, imesimama wima. Ilinigharimu kama elfu ishirini na tano kila kitu ndani. Kwa chupa itakayofunga modeli nyingi, sioni kama ni ghali, boksi lenyewe la Land Rover ni mara kadhaa ya hapo.

Kuhusu ile nyingine, ipo Extra Thin ya kukauka haraka, namba 87182, kifuniko chake ni kijani mpauko. Inapaa upesi zaidi. Mtu anayefunga vipande vidogo vingi anaipenda, ila kwa anayerudi na kwa hali ya hewa yetu ya kiangazi mimi nashauri hii ya kawaida kwanza, inakupa nafasi ya kusogeza kipande sekunde chache. Na ukihitaji gundi nzito kidogo kwa vipande vikubwa ambavyo huwezi kuvibana kavu, kama sakafu ya bodi, Revell wana ile Contacta Professional yenye sindano ya chuma, unaweka nukta pale unapotaka. Nilitumia zote mbili kwenye Land Rover: sindano kwa sakafu na viti, kijani kwa kila kilichobaki.

Aliye Arusha au Moshi anayetaka kuona kwanza kabla hajatoa hela, aje na vipande vyake viwili vya polistairini, hata mabaki ya fremu yanatosha, atagusisha mshono mwenyewe. Jumamosi mchana nipo barazani. Tunaweza pia kuagiza pamoja watu watatu wanne kwa gari moja la Nairobi ili nauli igawanyike, mimi nahitaji chupa ya pili kabla ya masika kwa sababu nimeshapata trela ya kuvuta nyuma ya hiyo Land Rover na fremu yake ina viungo vingi kuliko chesesi.